Utani, Shule ya Kuzuia Hasira

Tumezoea kuhubiriwa kwamba kujizuia ni kazi ya mtu na nafsi yake: ameze mate, anyamaze, aombe subira. Historia ya utani nchini Tanzania inaonyesha vingine. Kujizuia kuliwekewa utaratibu wa jamii nzima, tena pale hasa palipokuwa na sababu ya kuchukiana. Wangoni na Wahehe walipigana mwaka 1878, wakarudiana 1881 na 1882, na hakuna aliyemmaliza mwenzake. Wajukuu wao ni watani. Kwenye njia za misafara karne ya 19, wapagazi wa Kinyamwezi walishuka pwani na pembe za ndovu, mzigo wa kilo 30 hivi begani, wakipita nchi za watu wasio ndugu zao. Walihitaji maji, chakula na, kifo kikiwakuta njiani, mtu wa kuwazika. Wengi wanauhusisha utani wao na Wazaramo na safari hizo, na inaingia akilini: mgeni mwenye njaa na mwenyeji mwenye wasiwasi hukosana kwa neno moja tu.

Mtihani wenyewe huonekana msibani. Mtani huvaa nguo za marehemu akaiga mwendo wake, au hujilaza kaburini akagoma kutoka mpaka apewe chochote. Wafiwa, na uchungu wote walio nao, hawana ruhusa ya kukasirika. Wanatoa hela, wengine wanacheka huku machozi yakiwatoka. Mtu atasema huko si kujizuia, ni kumwachia mtani afanye apendavyo. Lakini mtani naye ana mipaka: huyohuyo anayekejeli ndiye anayetazamiwa kushika jembe na kuhudumia mazishi. Anayedhihaki kisha akaondoka hajatania, ametukana.

Hoja nzito zaidi ni kwamba siku hizi utani umekuwa kichaka cha wenye matusi. Mtu anamdhalilisha mwenzake, akibanwa anajitetea kuwa alikuwa anatania. Kweli, ila kosa hilo si la desturi. Utani ulikuwa wa pande mbili: anayetania leo kesho hutaniwa, naye hana budi kuvumilia. Bosi anayemkejeli mfagizi asiyeweza kumjibu hana utani naye, na mfagizi huyo hadaiwi uvumilivu wowote.