Hati safi ya CAG ina maana gani, na kwa nini haimaanishi hakuna upigaji?

Kila mwaka ripoti ya CAG ikitoka, kinachosambaa kwanza mitandaoni ni idadi ya hati. Halmashauri iliyopata hati safi inashangilia. Wananchi wake nao wanauliza: kama hesabu ni safi, mbona zahanati haijaisha?

Swali hilo ni la haki, na jibu lake liko kwenye maana ya neno lenyewe.

Hati ziko za aina ngapi?

Ziko nne. Tanzania inatumia mpangilio ule ule wa viwango vya kimataifa vya ukaguzi, yaani ISA kwa hesabu kwa ujumla na ISSAI kwa taasisi za umma.

*Hati inayoridhisha:* ndiyo hati safi. Hesabu zimeandaliwa sawasawa na hazina makosa makubwa.

*Hati yenye shaka:* hesabu kwa sehemu kubwa ziko sawa, ila kuna eneo lenye tatizo.

*Hati isiyoridhisha:* makosa ni makubwa na yameenea. Mtaani huitwa hati chafu.

*Kushindwa kutoa maoni:* mkaguzi hakupata vielelezo vya kutosha kusema lolote. Vocha hazionekani, vitabu havipo.

Hati safi inasema nini hasa?

Inasema kitu kimoja tu: taarifa za fedha zinaonyesha hali halisi, bila kosa kubwa la kumpotosha msomaji. Haisemi kwamba hela zimetumika kwa busara.

Chukua mfano. Halmashauri inanunua saruji kwa bei ya juu kuliko ya sokoni. Risiti ipo, malipo yameandikwa, kiasi kilichoandikwa ndicho kilichotoka benki. Kwenye hesabu, hapo kila kitu kimenyooka. Mwananchi ameumizwa, lakini hati inaweza kuwa safi.

Tena mkaguzi hapitii kila risiti. Anachagua sampuli, anapima maeneo yenye hatari zaidi, kisha anatoa uhakika wa kuridhisha. Si uhakika wa asilimia 100.

Basi upigaji unaonekana wapi?

Viwango vya ISSAI vinagawa ukaguzi wa umma katika makundi matatu: ukaguzi wa hesabu, ukaguzi wa uzingatiaji wa sheria na ukaguzi wa ufanisi. Hati inatokana na ule wa kwanza. Saruji ya bei mbaya itaibuka kwenye ule wa pili, pale manunuzi yanapopimwa na sheria. Zahanati isiyoisha ni mambo ya ule wa tatu.

Pia kuna ukaguzi maalumu, unaofanyika pale panapokuwa na tuhuma.

Wasomi wanaliitaje tatizo hili?

Wanaliita pengo la matarajio. Ni tofauti kati ya kile umma unadhani mkaguzi anafanya na kile anachofanya kweli. Jina hilo lilianza kutumiwa na Carl Liggio wa Marekani mwaka 1974, na hadi leo watafiti wa ukaguzi bado wanalijadili.

Mjadala wenyewe ni wa zamani zaidi. Mwaka 1896 mahakama ya rufaa Uingereza iliamua kesi ya kiwanda cha pamba cha Kingston. Meneja alikuwa akikuza thamani ya bidhaa zilizoko stoo, na wakaguzi walimwamini kwa maandishi yake tu. Mahakama ilisema hawana kosa: mkaguzi ni mbwa wa kulinda, si wa kuwinda.

Mwaka 1938 Marekani ikapata funzo lake. Kampuni ya dawa ya McKesson & Robbins iligundulika kuwa na bidhaa zilizokuwa kwenye makaratasi tu. Baada ya hapo wakaguzi wakatakiwa kwenda kushuhudia bidhaa zikihesabiwa, na leo ISA 501 inadai hivyo pale bidhaa zinapokuwa na uzito kwenye hesabu.

Kuhusu udanganyifu, kiwango kinachohusika ni ISA 240. Toleo lake jipya lilitolewa mwaka 2025 na litatumika kwa hesabu za vipindi vinavyoanza Desemba 15, 2026 au baada ya hapo. Hata hivyo, jukumu la kwanza la kuzuia wizi linabaki kwa uongozi wa taasisi yenyewe.

CAG anapeleka wapi ripoti?

Ibara ya 143 ya Katiba inamtaka aipeleke kwa Rais. Rais anaagiza iwasilishwe bungeni ndani ya siku saba tangu kuanza kwa kikao cha kwanza baada ya kuipokea. Rais asipofanya hivyo, CAG anaipeleka kwa Spika.

Bungeni inachambuliwa na kamati, zikiwemo PAC kwa Serikali Kuu na LAAC kwa halmashauri. Hapo ndipo maofisa wanabanwa kwa maswali.

Msomaji aangalie nini?

Ripoti ziko wazi kwenye tovuti ya Ofisi ya Taifa ya Ukaguzi. Ukizifungua, usiishie kwenye hati. Angalia mambo matatu:

1. Hoja zilizotolewa kuhusu manunuzi, mapato na miradi ya eneo lako.
2. Mapendekezo ya miaka iliyopita: mangapi yametekelezwa na mangapi yanarudiwa.
3. Ripoti za ufanisi, zinazoeleza kama huduma imemfikia mwananchi.

Hoja inayojirudia mwaka hadi mwaka inasema mengi kuhusu halmashauri, hata kama hati yake ni safi.