Kati ya Tuzo na Kitabu

Wasomaji wengi wanamjua Bwana Msa, mpelelezi wa riwayani, na kiko chake. Wachache wanakumbuka kwamba aliingia katika fasihi yetu kwa mlango wa shindano. East African Literature Bureau, shirika la vitabu lililoanzishwa Nairobi mwaka 1948, liliendesha shindano la kuandika hadithi za Kiswahili la 1957/58. Muswada ulioshika nafasi ya kwanza ulikuwa Mzimu wa Watu wa Kale, wa Muhammed Said Abdulla wa Unguja. Kitabu kilitoka 1960.

Mshindi huyo hakuwa mgeni wa kalamu. Tangu 1948 alikuwa mhariri wa gazeti la Zanzibari, na mwaka 1958 akashika jarida la Mkulima. Kufuta na kupanga upya maneno ya watu ndiyo iliyokuwa kazi yake ya kila siku, nami naamini hapo ndipo ilipo siri ya riwaya ile. Hadithi ya upelelezi haiandikiki kwa mkupuo mmoja. Muuaji akifichuliwa sura ya mwisho, dalili zake lazima ziwe zimepandwa tangu mwanzo, wazi kiasi cha kuonekana, ndogo kiasi cha kupuuzwa. Basi mwandishi hurudi nyuma: huku anaongeza neno katika kauli ya shahidi, kule anafuta sentensi iliyosema mno. Na enzi zile za taipureta, kubadili mstari mmoja kulimaanisha kuupiga upya ukurasa mzima pamoja na nakala yake ya kaboni.

Riwaya yake ya pili, Kisima cha Giningi, ilitoka 1968, mwaka aliostaafu uhariri. Miaka minane! Sioni kama ilipotea.

Baadaye tuzo ziliongezeka. Ile ya Jomo Kenyatta, iliyompa heshima Abdilatif Abdalla mwaka 1974 kwa Sauti ya Dhiki, hutunuku kitabu kilichokwisha kuchapwa. Mwenye muswada haimfai kitu. Mlango wake ulifunguliwa tena na Tuzo ya Mabati-Cornell iliyoanzishwa 2014, ambayo mwaka uliofuata ilimpa Anna Samwel Manyanza ushindi wa upande wa hadithi kwa Penzi la Damu. Mwaka 2023 Tanzania ilitoa kwa mara ya kwanza Tuzo ya Mwalimu Nyerere.

Fedha za tuzo hizo ni halali ya washindi. Lakini shindano humpa kila mshiriki kitu kingine adimu: tarehe ya mwisho inayomlazimisha kumaliza, na msomaji asiyemjua. Kinachokosekana ni hatua inayofuata. Waandaaji, wale walioingia orodha fupi warudishieni miswada yao ikiwa na maoni ya majaji, muwape miezi sita ya kuiandika upya kabla hamjatangaza mshindi.