Wafanyakazi wa Reli na Kuvunjika kwa Jumuiya

Stesheni ya Hedaru, wilayani Same, iko kwenye reli ya Tanga, kati ya Buiko na Makanya, chini ya milima ya Upare. Wajerumani walianza kuijenga njia hiyo kutoka Tanga mwaka 1893, ikafika Moshi mwaka 1911. Baadaye ilibadilisha wamiliki zaidi ya mara moja. Mwaka 1948 iliunganishwa na reli za Kenya na Uganda. Mwaka 1969 reli na bandari zilipotenganishwa, ikawa chini ya Shirika la Reli la Afrika Mashariki, lenye makao makuu Nairobi. Mwaka 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki iliyolimiliki shirika hilo ilipovunjika, ikarithiwa na Shirika la Reli Tanzania.

Urithi huo wa mwisho ndio uliozaa mgogoro. Kampuni ya kawaida ikifilisiwa mahakamani hufa mbele ya jaji: ombi la kuifilisi husikilizwa, wadai hupinga au huunga mkono, kisha mfilisi hukusanya mali na kulipa madeni. Mfanyakazi anayedai mshahara huingia humo kama mdai. Jumuiya ya Afrika Mashariki haikuwa na mlango hata huo mwembamba, kwa kuwa ilizaliwa na mkataba wa nchi tatu uliotiwa saini Kampala mwaka 1967. Ilipovunjika, kila nchi ilishika kilichokuwa ndani ya mipaka yake. Mafundi, wakuu wa stesheni na vibarua wa njia waliamka wakiwa na mwajiri mwingine, huku mafao ya utumishi wao wa zamani yakining'inia.

Mali iligawanywa kwa usuluhishi wa Mswisi Victor Umbricht, aliyeifanya kazi hiyo kwa miaka kadhaa. Mkataba ulitiwa saini Arusha Mei 1984: Kenya asilimia 42, Tanzania 32, Uganda 26. Pensheni za wafanyakazi ziliachiwa kila serikali iwalipe raia wake. Waliotia saini ni serikali tu. Wenye pensheni hawakuwa upande katika mkataba uliogawa jasho lao.

Kwa Watanzania, nafasi ya kusikilizwa ilikuja kwa kushtaki. Mwaka 2003 wafanyakazi wa iliyokuwa Jumuiya walifungua kesi Mahakama Kuu dhidi ya Serikali. Wengi walikuwa wazee, na baadhi ya madai yalisimamiwa na warithi. Septemba 2005 pande mbili zilifikia makubaliano ya malipo, lakini baadaye wadai walirudi mahakamani wakisema hayajatekelezwa yote.

Sheria ya kazi ya Tanzania imesogea tangu Jumuiya ivunjike. Kifungu cha 38 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 kinamtaka mwajiri anayepunguza watu atoe taarifa mapema, aeleze sababu, na ashauriane na chama cha wafanyakazi, au na wafanyakazi wenyewe pasipo na chama. Wasipoelewana, shauri hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Hata hivyo, mashauriano hayo ni na mwajiri, si na mahakama inayoamua kama kampuni ife. India ilivuka hatua hiyo Desemba 1982, pale Mahakama yake ya Juu ilipoamua, majaji watatu dhidi ya wawili, kwamba wafanyakazi wana haki ya kusikilizwa katika ombi la kufilisi kampuni yao hata kama si wadai wala wanahisa.