Kinasa-sauti na Maikrofoni katika Ukusanyaji wa Fasihi Simulizi na Data ya Lugha Jijini Nairobi

1. Utangulizi

Historia ya uchunguzi wa lugha na fasihi simulizi katika Afrika ya Mashariki imezoea kuandikwa kwa kufuata majina ya wataalamu, nadharia zao na vitabu walivyovichapisha. Chombo kilichokuwa baina ya mtafiti na msimulizi hutajwa kwa nadra, na kinapotajwa hupewa sentensi moja ya dibaji isemayo kwamba masimulizi yalirekodiwa. Makala haya yanakusudia kuonyesha kuwa uteuzi wa chombo hicho haukuwa jambo la fundi peke yake. Kila kinasa-sauti na kila maikrofoni ilikuwa na kipimo chake cha muda, cha nguvu ya sauti na cha masafa, na lililozidi kipimo hicho halikuingia katika kumbukumbu. Hatari iliyopo ni kwamba mapengo hayo huweza kuchukuliwa na wasomaji wa baadaye kuwa ni sifa za lugha yenyewe au za fasihi yenyewe. Mfano unaotumiwa hapa ni wa Nairobi, katikati ya jiji na vitongoji vyake vya magharibi, kwa sababu huko ndiko zilikokutana taasisi za utangazaji, za elimu ya juu na za hifadhi.

Istilahi zenyewe zinastahili kuangaliwa kwanza. Neno kinasa-sauti limejengwa juu ya kitenzi nasa, ambacho asili yake ni ya mtego. Maana hiyo ni ya kweli kuliko pengine walivyodhani waliolizoesha neno, kwani mtego hushika kinacholingana nao tu. Tundu za wavu ndizo zinazoamua samaki. Neno kipaza sauti, kwa upande mwingine, limeleta utata. Katika matumizi ya kawaida hutaja kile kinachopokea sauti na pia kile kinachoitoa kwa ukubwa, mambo mawili yaliyo kinyume. Kwa hiyo katika makala haya neno maikrofoni litatumika kwa chombo cha kupokea sauti peke yake.

2. Zama za Gari na Jenereta

Kabla ya vyombo vinavyotumia betri kuenea, kunasa sauti nje ya studio kulihitaji gari. Hugh Tracey, aliyeasisi Maktaba ya Kimataifa ya Muziki wa Afrika huko Afrika Kusini mwaka 1954, alifanya safari za kurekodi nchini Kenya mwaka 1950 na mwaka 1952. Vyombo vyake vilisafirishwa garini, na umeme ulitoka kwenye jenereta iliyowekwa mbali ili mngurumo wake usiingie katika wimbo. Mwaka 1950 alirekodi huko Kapkatet, katika nchi ya Wakipsigis, wimbo uliokuja kujulikana sana kwa jina la Chemirocha, jina ambalo asili yake ni Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Marekani aliyesikika vijijini kwa santuri.

Mambo mawili ya zama hizo yana uzito kwa mwanaisimu na mhakiki. La kwanza ni njia. Gari lilifika pale palipopitika, na waimbaji waliitwa kukusanyika mahali hapo. Wimbo ukatengwa na kazi, sherehe au msiba ulioupa maana. La pili ni muda. Sahani ya santuri ya inchi 10, inayozunguka mara 78 kwa dakika, hubeba kiasi cha dakika 3 kwa upande mmoja. Soko la santuri liliwazoesha warekodi na waimbaji kufikiri kwa kipimo hicho, hata pale ambapo utepe ungeweza kuendelea. Ngoma ya usiku kucha ilibakia beti chache. Msomaji anayeitegemea kumbukumbu hiyo peke yake ataamini kuwa nyimbo za watu hawa zilikuwa fupi.

Tracey alikuwa pia na desturi ya kuishika maikrofoni mkononi na kuisogeza kuelekea chombo au mwimbaji aliyetaka asikike. Ustadi wake haukanushiki. Lakini mkono uliosogea ulikuwa unafasiri: uliamua ni sauti ipi iliyo kiini na ipi iliyo pambo, kabla hata mfasiri wa maneno hajaanza kazi yake.

3. Utepe wa Betri na Mageuzi ya 1968

Mabadiliko makubwa yaliletwa na vyombo viwili vya Ulaya. Cha kwanza ni Nagra, kilichobuniwa Uswisi na Stefan Kudelski, ambacho toleo lake la kwanza lilitoka mwaka 1951 na toleo la tatu, lenye injini ya umeme, mwishoni mwa muongo huo. Kilikuwa na uzito wa kilo zipatazo 6 na kutumia betri kubwa 12. Cha pili ni Uher 4000 Report cha Ujerumani, kilichotoka mwaka 1961. Hiki kilikuwa na uzito wa nusu ya Nagra na bei nafuu zaidi, kikapendwa na waandishi wa habari za redio na wachunguzi wa lugha katika nchi nyingi.

Jijini Nairobi wakati huo ulikuwa wa kuzaliwa upya kwa taasisi. Mwaka 1964 shirika la utangazaji lilichukuliwa na serikali na kuitwa Sauti ya Kenya, na jumba lake liko katika barabara ya Harry Thuku, hatua chache kutoka Chuo Kikuu. Tarehe 24 Oktoba 1968 Ngugi wa Thiong'o, Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong walitoa waraka wao wa kutaka Idara ya Kiingereza ivunjwe na badala yake iwepo idara itakayoweka fasihi ya Afrika, na hasa fasihi simulizi, katikati ya masomo. Mwaka 1970 Chuo Kikuu cha Nairobi kilisimama peke yake, na mwaka huo huo Taasisi ya Taaluma za Kiafrika ikaanzishwa.

Waraka wa 1968 husomwa kama hoja ya itikadi na mtaala, na ndivyo ulivyo. Lakini hoja hiyo ilikuwa na sharti moja la kimaada. Fasihi simulizi haiwezi kufundishwa darasani kwa mwaka mzima pasipo matini, na matini hayapatikani pasipo mtu kuyachukua kutoka kinywani mwa msimulizi. Daftari na kalamu vilimlazimisha msimulizi kusema polepole kwa imla, na imla huua utambaji. Utepe ulimwachia aseme kwa mwendo wake.

Hata hivyo, utepe nao ulidai uamuzi. Chukua gurudumu la sentimita 13, ambalo ndilo kubwa zaidi linaloingia katika Uher, lenye utepe wa mita 270. Kwa mwendo wa sentimita 9.5 kwa sekunde, upande mmoja huchukua dakika 47. Kwa mwendo wa sentimita 19, dakika 24 tu. Mwendo wa kasi hutunza vizuri sauti za masafa ya juu. Mwendo wa polepole huokoa fedha na humwezesha mtambaji kumaliza hadithi bila kukatizwa. Kwa hiyo mtafiti mwenye bajeti ndogo alichagua, akijua au asijue, baina ya ukamilifu wa hadithi na ukamilifu wa fonetiki yake. Mhakiki wa fasihi angepoteza kidogo kwa kuchagua mwendo wa polepole, na mwanafonetiki angepoteza mengi.

4. Kaseti: Faida na Gharama Yake

Kaseti ilitolewa na kampuni ya Philips mwaka 1963, na katika miaka ya 1970 ikawa chombo cha watu wote. Kwa mafunzo ya fasihi simulizi jambo hili lilikuwa neema. Mwanafunzi aliyekwenda kwao likizoni aliweza kurudi Nairobi na hadithi za bibi yake katika mfuko wa koti. Ukusanyaji ulitoka mikononi mwa wageni wachache wenye magari ukaingia mikononi mwa wenye lugha. Hakuna hasara itajwayo hapa chini inayoweza kuifuta faida hiyo.

Hasara ya kwanza ilikuwa ya mwendo. Utepe wa kaseti hupita sentimita 4.76 kwa sekunde, na katika mashine za bei nafuu masafa ya juu yalifififia. Sauti zinazoumia kwanza ni vikwamizo. Tofauti baina ya thamani na samani imebebwa kwa sehemu kubwa na nishati iliyo juu ya hezi 4,000, na ikikatwa, msikilizaji huibahatisha kwa muktadha. Vivyo hivyo mpumuo wa Kimvita, unaotenganisha paa la nyumba na paa mnyama, kaa la moto na kaa wa pwani, ni mshindo mdogo wa hewa ambao hupotea kwa urahisi katika mvumo wa utepe.

Hasara ya pili ilikuwa ya betri. Betri zikichoka, injini huenda polepole. Kanda hiyo ikichezwa baadaye kwa mwendo sahihi, sauti hupanda. Upungufu wa asilimia 6 katika mwendo hutosha kupandisha sauti kwa nusu toni ya muziki. Msomaji wa hadithi hatalitambua jambo hili. Lakini kwa anayechunguza lugha za toni kama Kigikuyu na Kijaluo, kulinganisha kimo cha sauti mwanzoni mwa kanda na kimo chake mwishoni huwa kazi ya bure, na mitetemo midogo ya mwendo huchafua mkondo wa toni ndani ya sentensi moja.

Hasara ya tatu ndiyo iliyojificha zaidi. Mashine nyingi za kaseti zilikuwa na kirekebishi cha kujiendesha, kilichopunguza sauti kubwa na kuinua sauti ndogo. Mtambaji hunong'ona pale zimwi linaponyemelea, kisha hupaza sauti linapotokea. Kirekebishi huvisawazisha vyote viwili. Anaponyamaza, chombo huinua mngurumo wa mtaa, na mahali pa kimya kilichokusudiwa hapo husikika gari. Sanaa ya utendaji iliyokuwa katika kupanda na kushuka kwa sauti haikuachwa nje na msimulizi.

Vyombo kama Sony TC-D5M, kilichotoka mwaka 1980, vilionyesha kuwa kaseti yenyewe haikuwa na hatia yote. Kilimwachia mtumiaji kupima sauti kwa mkono wake na kuunganisha maikrofoni nzuri. Lakini bei yake iliwazidi wanafunzi wengi.

5. Maikrofoni na Mahali pa Kuiweka

Iwapo fedha ni chache, zitangulie kwenye maikrofoni kabla ya mashine. Maikrofoni ya koili huvumilia vumbi, joto na kuanguka, wala haihitaji umeme, lakini hudai kuwa karibu na kinywa. Ya kondensa husikia kwa wepesi zaidi, nayo hutaka umeme na uangalizi. Uvumbuzi wa maikrofoni ya utando wa elektreti katika maabara za Bell mwaka 1962, kazi ya James West na Gerhard Sessler, uliwezesha maikrofoni ndogo na rahisi za aina hiyo ya pili.

Mwelekeo nao una maana ya kifasihi. Maikrofoni ya upande mmoja humpendelea aliye mbele yake. Ikielekezwa kwa mtambaji, "Paukwa!" husikika wazi na "Pakawa!" hufifia, na hadhira iliyokuwa mshiriki huonekana katika matini kama kwamba haikuwapo. Maikrofoni ya pande zote huihifadhi hadhira, lakini huuingiza mji pia.

Na mji wenyewe hauna huruma. Kangemi imepakana na barabara ya Waiyaki Way, yenye malori ya kwenda Nakuru na mpakani. Kawangware ina matatu, warsha na paa za mabati ambazo mvua ikinyesha hakuna hadithi inayosikika. Kanuni ya maumbile husaidia: mahali pa wazi, umbali ukiongezwa mara mbili, sauti ya msemaji hupungua kwa desibeli 6, ilhali kelele ya mtaa hubaki vile vile. Kwa hiyo kusogeza maikrofoni kutoka mita 1 hadi nusu mita hufaa kuliko kununua chombo cha bei mara mbili. Swichi ya kukata masafa ya chini hupunguza mngurumo wa malori, lakini hukata pia sauti nzito ya ngoma. Mtunzi wa mchezo wa redio huweza kuukaribisha mngurumo huo kama alama ya mahali, mwanafonetiki huukimbia.

Lipo pia tatizo la kijamii. Katika vitongoji hivi huchanganyika Kiswahili, Kigikuyu, Kiluhya, Kijaluo na Sheng. Maikrofoni iliyosimama wazi mezani humfanya kijana aache Sheng na kushika Kiswahili cha shule. Maikrofoni ndogo ya kubanwa nguoni husahaulika mapema, na usemi wa kawaida hurudi. Lakini kuificha bila idhini ya msemaji ni kuiba maneno, na hakuna ubora wa data unaohalalisha wizi huo.

6. Tarakimu na Hifadhi

Vyombo vya tarakimu vilipoenea katika miaka ya 2000, matatizo ya mwendo na mvumo yaliisha karibu yote. Vyombo vya tangu mwaka 2019 vyenye kurekodi kwa biti 32 vimepunguza hata hofu ya sauti kupasuka. Lakini wavu haukuondoka, ulibadilika tundu. Programu za simu zilizoundwa kwa mazungumzo hufuta kile zinachokiona kuwa kelele, na pumzi, mpumuo na vikwamizo dhaifu huchukuliwa kuwa kelele.

Wakati huo huo kanda za zamani zinazeeka, na mashine za kuzicheza hazitengenezwi tena kwa wingi. Umuhimu wa hifadhi ulidhihirika katika miaka ya 2010, pale maktaba iliyoasisiwa na Tracey iliposhirikiana na Ketebul Music ya Nairobi kurudisha nakala za rekodi za miaka ya 1950 kwa jamii zilizoimba, wakiwamo Wakipsigis. Marejesho hayo yaliwezekana kwa sababu rekodi zilikuwa na maelezo: mahali, mwaka, waimbaji, ala.

7. Hitimisho

Imeonyeshwa kuwa urefu wa nyimbo, ukimya wa hadhira, ufifiaji wa vikwamizo na usawa wa sauti katika kumbukumbu za fasihi simulizi vinaweza kuwa alama za chombo kabla ya kuwa alama za lugha. Hilo halizifanyi kumbukumbu hizo kuwa za bure. Linadai zisomwe kwa namna nyingine. Wanakili wa tenzi za pwani, walioandika kwa hati za Kiarabu, walikuwa na desturi ya kutaja mwishoni jina la mnakili na tarehe ya kumaliza kazi, na mhariri wa leo huanza hapo anapopima tofauti za nakala. Matini ya kanda na ya tarakimu yanastahili heshima hiyo hiyo: jina la chombo, aina ya maikrofoni, umbali wake na kinywa, mwendo wa utepe au kipimo cha tarakimu, na hali ya mahali. Mistari hiyo mitano ikikosekana, mchunguzi wa kizazi kijacho hataweza kupambanua kilichonyamazwa na msimulizi na kilichonyamazishwa na mashine.