Magazeti ya Picha ya Zamani

Siku hizi za yubile tunakumbuka pia magazeti ya picha ambayo wazee wetu walisoma pembeni ya taa, jirani wakisikiliza. Siyo yote yalituheshimu. Mwaka 1930, Le Petit Vingtième, gazeti la watoto la wakatoliki wa Brussels, lilianza kutoa safari ya Tintin katika Congo. Hergé, mchoraji wake, hakuifikia inchi yetu kamwe. Katika darasa la misioni Tintin aliwaambia watoto kwamba inchi yao ni Ubeleji. Katika kitabu cha 1946 somo lile liligeuzwa kuwa hesabu. Mwaka 1968 vijana wa Kinshasa walianzisha Jeunes pour Jeunes, Wakongo wakajichora wenyewe. Tuyahifadhi yote: watoto wetu wajue nani alituchora, na lini kalamu ilifika mkononi mwetu.