Simu, Chuo na Barua ya Mbali: Kampala Kabla ya Mtandao wa Leo

Historia ya mawasiliano katika Afrika ya Mashariki huandikwa mara nyingi kwa kutaja reli, posta na minara ya redio. Iko sura moja inayosahauliwa, ingawa walioishi ndani yake wangali hai. Ni sura ya miaka ya 1990, wakati chuo kikuu kilipokuwa mlango wa kutokea ulimwenguni, na waya wa simu ya nyumbani ukawa njia ya kuufikia mlango huo. Katika makala haya tutaitazama sura hiyo tukiwa Bukoto, mtaa ulio kaskazini-mashariki ya jiji la Kampala, ambao kati yake na kilima cha Makerere yapo maeneo ya Kamwokya na Mulago.

Tuanze na chuo chenyewe. Makerere kilianzishwa mwaka 1922 kikiwa shule ya ufundi. Kuanzia 1963 hadi 1970 kiliungana na vyuo vya Nairobi na Dar es Salaam, vyote vitatu vikawa Chuo Kikuu kimoja cha Afrika ya Mashariki. Mwaka 1970 kila kimoja kilishika njia yake. Mwaka 1977 Jumuiya ikavunjika, na shirika la pamoja la posta na simu likagawanyika pamoja nayo. Wasomi waliokuwa watu wa nyumba moja wakawa majirani wasiosalimiana; si kwa chuki, bali kwa shida ya njia. Barua ilichelewa, na simu ya nje ya nchi ilikuwa ghali mno kwa mshahara wa mwalimu.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 shirika la Canada la utafiti wa maendeleo, IDRC, lilifadhili mradi ulioitwa ESANET, wa kuwaunganisha kwa kompyuta watafiti wa vyuo vikuu vya Kenya, Uganda, Tanzania, Zambia na Zimbabwe. Huko Makerere kituo kiliitwa MUKLA, na jina la Charles Musisi haliwezi kutengwa na kazi yake. Ufundi uliotumika ulikuwa ule wa Fidonet, uliobuniwa mwaka 1984 na Tom Jennings wa Marekani kwa ajili ya watu wa kawaida wenye kompyuta ndogo na simu ya nyumbani tu. Hapana shaka ulitufaa kwa sababu hiyo hiyo: haukudai waya ulio wazi usiku na mchana.

Namna ya kuutumia ilikuwa hivi. Mtu aliyekaa Bukoto, akiwa na kompyuta, simu na modemu, aliandika barua yake kwanza, akaisoma na kuisahihisha, simu ikiwa bado imetulia. Kisha modemu ilipiga namba ya chuo, ikazigeuza herufi kuwa sauti na kuzipitisha wayani; modemu ya upande wa pili ikazigeuza tena kuwa herufi. Modemu ya kasi ya biti 2,400 kwa sekunde hupitisha herufi 240 hivi kwa sekunde. Basi ukurasa wa herufi 2,400, ambao mtu ameutungia kwa saa nzima, ulipita kwa sekunde 10. Picha ya herufi milioni moja ingalihitaji zaidi ya saa moja. Ndiyo maana watu wa zama zile walitumiana maneno, tena maneno yaliyopimwa.

Barua ikishafika chuoni haikuondoka papo hapo. Ilingoja pamoja na wenzake hadi wakati wa kuunganishwa na London, ambako shirika la GreenNet lilikuwa na lango la Fidonet lililotunzwa na Karen Banks. Hapo barua zote zilipita kwa mkupuo mmoja, na zile za kuingia zikashuka. Mwenye simu ya Bukoto alilipia mwito wa mjini tu. Gharama ya safari ndefu iligawanywa kwa wengi. Huu ni ushirika wa kweli, unaofanana na abiria wengi wanaochangia chombo kimoja.

Hata hivyo, ushirika huo ulikuwa na upungufu wake. Anwani ya kituo ilikuwa mukla.gn.apc.org, na herufi gn ni za GreenNet. Kwa hiyo mtu wa Kampala alijulikana ulimwenguni kwa jina lililoning'inizwa chini ya jina la London, na barua yake iliweza kuzunguka Ulaya kabla ya kumfikia jirani. Ilipofika mwaka 1995, herufi za ug zilisajiliwa kuwa jina la Uganda katika intaneti. Wako watakaoliona jambo hili dogo. Lakini sisi walimu wa lugha twajua ya kuwa kujiita kwa jina lako mwenyewe si jambo dogo.

Baada ya hapo mambo yalikwenda mbio. Makampuni ya kuuza huduma ya intaneti yalitokea mjini Kampala. Sheria ya Mawasiliano ya mwaka 1997 ilifungua soko la simu, na MTN ikaanza kazi mwaka 1998. Mwaka 2009 waya wa SEACOM ulifika pwani yetu kupitia baharini, na modemu ya simu ikawekwa kabatini. Lakini wazo la chuo kumfuata msomi hadi anapokaa halikufa: mtandao wa vyuo na watafiti wa Uganda, RENU, umeieneza huduma ya eduroam hata nje ya kuta za vyuo.

Lugha yetu nayo ilipita njia hiyo hiyo. Barua pepe, mtandao, tarakilishi: maneno haya yalikuja kuitika haja iliyoletwa na vyombo hivi, na neno lisilo na historia yake hukaririwa tu bila kueleweka. Inafaa basi walimu wawatume wanafunzi kwa wazee waliovitumia vyombo hivyo, wawaulize waliandika nini, kwa nani, na kwa lugha gani. Kompyuta za zama zile zimekwisha kuharibika au kutupwa, na barua nyingi zilizokuwamo zimepotea pamoja nazo. Kilichosalia ni kumbukumbu za watu, nazo hazingoji.