Kivuli Ndani ya Jino

(Muziki unaingia, kisha unashuka.)

MTANGAZAJI:  

Mwanzoni mwa 2008, tulipokimbia vurugu za uchaguzi Kenya, tulivuka mpaka pale Busia. Tukakaa kambi ya Mulanda, wilayani Tororo, kabla ya kuhamishiwa Kiryandongo. Huko njiani bibi yangu aliumwa jino. Mtu mmoja akaling'oa kwa koleo, lakini maumivu hayakuisha. Jino bovu lilikuwa la pili yake. Kwa macho, yote mawili yalikuwa mazima.

Kosa hilo ni la zamani. Shimo likianzia pale meno mawili yanapogusana, ni vigumu kuliona. Januari 1896, wiki chache baada ya Röntgen kugundua eksirei, Mjerumani Otto Walkhoff alijipiga picha ya meno yake mwenyewe. Alitulia dakika 25 bila kujitikisa! Leo haifiki hata sekunde moja.

(Muziki mfupi.)

MTANGAZAJI: Kwa miaka mingi picha hizo zilisafishwa kwa dawa, ndani ya chumba cha giza. Mwaka 1987 Mfaransa Francis Mouyen alileta kifaa kinachopeleka picha moja kwa moja kwenye skrini. Hapo picha ikawa namba. Kompyuta huigawa katika vinukta vidogo, na kila kimoja hupewa namba yake. Kwa kawaida 0 ni nyeusi, 255 ni nyeupe. Jino zima huzuia miale, likaonekana jeupe. Palipooza madini yamepungua, miale hupita, pakaonekana peusi. Programu hulinganisha vinukta jirani, na namba zikishuka ghafla huweka alama. Mwaka 1998 Marekani iliruhusu programu ya aina hiyo, Logicon.

Lakini si kila kivuli ni shimo. Karibu na ufizi, hata jino zima huweza kuonekana jeusi. Kwa hiyo kompyuta huuliza tu. Anayejibu ni daktari aliyekutazama mdomoni.

Basi, ndugu msikilizaji, kabla hujang'olewa jino uliza: "Ni lipi hasa, na mmejuaje?" Ukipigwa picha ya kompyuta, omba nakala uiweke kwenye simu. Sisi tuliohama tunajua: faili la hospitali hubaki ng'ambo ya mpaka. Na jino la ukubwani likishang'oka, halioti tena.

(Muziki wa kufunga.)